Kwa nini panya mwenye jeni ya twiga hakurefuka shingo

Panya waliobadilishwa jeni moja ili ifanane na ya twiga hawakurefuka shingo. Naanza na hilo kwa sababu kila habari ya utafiti ule inapozungushwa upya kwenye makundi ya WhatsApp, hakosekani mtu wa kuandika chini yake kwamba wazungu sasa wanatengeneza panya warefu na kesho watahamia kwa watu. Waliofanya kazi ile, iliyochapishwa mwaka 2021, wengi wao walikuwa Wachina, na panya wao walikua wakawa na umbo la panya. Tofauti yao na wenzao ilikuwa kwingine: walipopewa dawa ya kupandisha presha, yao haikupanda kama ya wengine, na mifupa yao ilikuwa imeshiba madini zaidi.

Presha na uzito wa mifupa, vyote kutoka kwenye jeni moja, na shingo hakuna. Jambo hilo linashangaza tu kama tunaamini kwamba kila sehemu ya mwili ina jeni yake: ya kimo, ya pua, ya shingo. Imani hiyo ndiyo inayomfanya mama wa hapa Dodoma alaumiwe kwa kuzaa mtoto mfupi kwenye ukoo wa watu warefu, na ndiyo inayouza makopo ya unga wa kurefusha kwa vijana wa miaka 22. Mifupa haikui hivyo. Inakua kwa seli kupelekeana habari, na katika habari hizo ile inayosema "simama" ina kazi kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani.

Mfupa huanza ukiwa gegedu

Tuweke maneno sawa kwanza. Vinasaba, yaani DNA, ni maelekezo yaliyomo ndani ya karibu kila seli ya mwili. Jeni ni kipande cha maelekezo hayo, na mara nyingi kipande kimoja hueleza namna ya kutengeneza protini moja. Binadamu ana jeni za namna hiyo zipatazo 20,000. Panya naye ana karibu idadi hiyo hiyo, na jeni nyingi sana tulizo nazo sisi zina mwenzake kwa panya. Nasema panya yule mdogo anayetafuna magunia stoo, si panya buku wa Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro aliyefundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu.

Gegedu ni kile kitu kigumu kinachopinda ukishika sikio lako au ncha ya pua. Mifupa yetu mirefu, ya mapaja, miundi na mikono, huanza tumboni ikiwa gegedu tupu, kisha mfupa wenyewe huja kuchukua nafasi yake polepole. Kazi hiyo haiishi siku ya kuzaliwa. Karibu na kila ncha ya mfupa mrefu wa mtoto hubaki tabaka jembamba la gegedu, ambalo hapa nitaliita bamba la ukuaji. Kwenye eksirei huonekana kama mstari mweusi unaokata mfupa, na wako wazazi wanaotoka chumba cha picha wakidhani mtoto amevunjika.

Ndani ya bamba hilo seli zimejipanga kwa safu. Upande mmoja ziko zilizopumzika. Zinazofuata zinagawanyika na kurundikana moja juu ya nyingine. Zinazofuata hizo zimeacha kugawanyika na zinavimba, kila moja ikiongezeka ukubwa mara kadhaa. Mwishoni kabisa madini ya chokaa yanaingia, mishipa ya damu inapenya, na seli za kujenga mfupa zinafika na kuweka mfupa halisi mahali pa gegedu. Urefu wa mtoto unatoka hapo: seli kugawanyika, kisha kuvimba. Mfupa haunyooshwi wala hauvutwi. Unaongezwa kutoka ncha zake, tabaka juu ya tabaka.

Twiga ana mifupa saba ya shingo. Wewe unayo saba, na panya anayo saba. Kilichomrefusha twiga si kuongezewa mifupa bali kila mmoja wa ile saba kukua kwa muda mrefu na kwa kasi, na hapo ndipo swali la jeni linapoanza kuwa na maana: nani anaziambia seli za bamba ziendelee, na nani anaziambia basi?

Konda, bodi na dereva

Seli haina macho. Ndani ya gegedu kila moja imezingirwa na kitu kigumu ilichokitoa yenyewe, haiwezi kusogea ikamtazame jirani. Inajuaje kwamba zamu yake ya kugawanyika imekwisha?

Chukua daladala lililojaa, linalotoka Sabasaba kwenda Chuo Kikuu. Dereva hauoni mlango. Konda anagonga bodi: mlio wa namna moja, gari linasimama, wa namna nyingine, linaondoka. Dereva haulizi nani anashuka wala kwa nini. Anasikia mlio, anakanyaga. Mkono wa konda ndiyo ishara: kwenye mwili ni protini ndogo inayotolewa na seli moja na kufika kwa nyingine. Bodi inayogongwa ni kipokezi, protini iliyotoboa utando wa seli, nusu iko nje na nusu iko ndani. Dereva yuko kwenye kiini cha seli, ambako jeni huwashwa na kuzimwa. Kati ya bodi na dereva ujumbe hupita kwa protini kadhaa zinazopokezana, na safari nzima hiyo ndiyo inayoitwa njia ya ishara.

Kwa hiyo jeni zinaingia kwenye habari hii mara mbili. Ziko zinazomtengeneza konda na bodi, na ziko ambazo dereva huziwasha baada ya kusikia. Ukiharibu moja, unaweza kuwa umeharibu mkono, au bodi, au masikio ya dereva, na kwa nje matokeo yakafanana: mtoto hakui inavyotarajiwa. Daktari anayesema "ni tatizo la jeni" hajamaliza kueleza. Ndiyo kwanza ameanza.

Ishara hizi zina tabia moja ya kuvutia: hurudi nyuma. Mwaka 1996 ilionyeshwa kwamba seli zinazokaribia kuvimba hutoa protini moja iitwayo Ihh. Protini hiyo husababisha seli zilizo mwisho wa mfupa zitoe protini ya pili, PTHrP, na kazi ya hii ya pili ni kuzuia seli zisikimbilie kuvimba mapema. Yaani seli zilizotangulia hutuma habari nyuma kwamba wengine bado wasije. Panya walioondolewa jeni ya PTHrP, miaka miwili kabla ya hapo, walizaliwa na miguu mifupi: seli zao ziliacha kugawanyika na kuvimba kabla ya wakati, rundo likaisha mapema. Haraka ilifupisha mfupa.

Kuondoa jeni na kutazama

Tunayajua haya kwa sababu ya njia moja ya kazi ambayo watu wengi huisikia vibaya. Ukitaka kujua jeni fulani inafanya nini, unazalisha panya asiye nayo, kisha unatazama kinachokosekana. Mario Capecchi, Martin Evans na Oliver Smithies walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2007 kwa kuifanya njia hiyo iwezekane. Panya ana sifa zinazomfaa mtafiti: mimba yake ni wiki tatu hivi, na ndani ya miezi michache amekuwa mkubwa, kwa hiyo maisha ya mifupa yake yote yanaweza kufuatwa na mtu mmoja kabla ufadhili haujakatwa.

Mfano unaonishangaza zaidi ya yote ni wa jeni iitwayo Runx2. Mwaka 1997 makundi tofauti ya watafiti yaliripoti panya walioondolewa nakala zote mbili za jeni hiyo. (Kila jeni huja kwa nakala mbili, ya mama na ya baba.) Panya hao walikuwa na kiunzi chote cha mwili, mbavu, miguu, uti wa mgongo, kila kitu mahali pake, lakini hakikuwa na mfupa hata mmoja. Kilikuwa gegedu. Walikufa mara baada ya kuzaliwa kwa sababu mbavu laini haziwezi kupanua kifua. Jeni moja ilikuwa imeshika ruhusa ya seli kuwa seli ya kujenga mfupa.

Waliopoteza nakala moja tu waliishi, na walipungukiwa mifupa ya mtulinga, ile miwili inayotoka shingoni kwenda mabegani. Watu wenye hali hiyo walishajulikana na madaktari zamani. Wengine wanaweza kukutanisha mabega yao mbele ya kifua. Kumbe sababu ilikuwa Runx2 yenye hitilafu upande mmoja. Panya alieleza kwa mwaka mmoja jambo ambalo kumtazama mgonjwa kwa miongo hakukulieleza.

Mlango unaojigonga

Sasa tufike kwenye jeni inayogusa watu wengi zaidi, FGFR3. Hii hutengeneza kipokezi kilichopo kwenye seli za bamba la ukuaji. Mwaka 1994 iligundulika kwamba karibu watu wote wenye akondroplasia wana badiliko lile lile, mahali pale pale, kwenye jeni hiyo. Akondroplasia ndiyo sababu kuu ya ufupi ule ambao kiwiliwili huwa karibu na kawaida lakini mikono na miguu ni mifupi, hasa sehemu za juu, na paji la uso limejitokeza. Hutokea kwa takribani mtoto mmoja kati ya 20,000 hadi 30,000 wanaozaliwa, kote duniani, bila kuchagua kabila. Watu hawa mtaani wanaitwa majina ambayo sitayaandika.

Wengi walidhani jeni hiyo imeharibika, yaani imeacha kufanya kazi. Dhana hiyo inaeleweka: mfupa haukui, basi kitu cha kuukuza kimekosekana. Miaka miwili baadaye panya wakaigeuza hoja nzima. Panya walioondolewa Fgfr3 kabisa hawakuwa wafupi. Walirefuka kupita kiasi, mifupa ya miguu na ya mgongo, mikia ikajipinda. Kwa maneno mengine FGFR3 ni breki. Ikiwepo, seli hupunguza mwendo. Ikiondolewa, hakuna wa kuzizuia.

Badiliko la akondroplasia, basi, halikuivunja breki. Limeifanya ishike zaidi ya inavyotakiwa. Ni kama mlango wa daladala uliolegea bawaba, unaojigonga wenyewe kwenye bodi kila gari linaporuka shimo: konda hajagusa kitu, lakini dereva anasikia mlio na anazidi kusimama. Mtoto huyu hakupungukiwa na kitu cha kumkuza. Ana ujumbe wa "simama" unaotumwa hata pasipo mtumaji.

Wafugaji watapenda kujua kwamba kondoo wa aina ya Suffolk hupata kasoro ya upande wa pili wa jeni hiyo hiyo. Mwanakondoo aliyerithi nakala mbovu kwa mama na kwa baba huzaliwa na miguu mirefu myembamba iliyopinda, asiweze kusimama vizuri. Ipo pia familia ya watu, iliyoelezwa mwaka 2006, ambao FGFR3 yao imepungua nguvu: ni warefu, na wana shida ya kusikia. Wale panya warefu nao hawakusikia, kwa sababu jeni hiyo hutumika pia kuunda sikio la ndani. Anayetamani kuondolewa breki ili mwanawe awe mchezaji wa kikapu na atazame hapo.

Na hapo ndipo jibu la twiga lilipo. FGFRL1, jeni waliyobadilishiwa wale panya, ni ndugu wa FGFR3, ila kipokezi chake hakina ile sehemu ya ndani ya kupeleka ujumbe kwa njia ya kawaida. Inasadikiwa kwamba kazi yake kubwa ni kupunguza makali ya ishara za ndugu zake. Kwa twiga ina mabadiliko saba ambayo wanyama wengine wanaocheua hawana. Na haikai kwenye mifupa peke yake: panya walioondolewa jeni hiyo kabisa walizaliwa na kiwambo cha kupumulia chembamba mno, wakafa. Ishara za familia hii zinatumika kwenye moyo, mishipa, figo, mapafu, masikio na mifupa, kila mahali zikiwa na maana tofauti kwa sababu dereva ni tofauti. Hivyo haistaajabishi kwamba kubadili kipokezi kimoja kuligusa presha na madini ya mifupa kwa pamoja. Twiga anahitaji vyote viwili. Presha yake ni kama mara mbili ya ya wanyama wengine wanyonyeshao, maana damu lazima ipande hadi kichwani kule juu, na mifupa mirefu isiyo imara ingevunjika.

Shingo yenyewe ni kazi ya jeni nyingi zinazofanya kazi kwa pamoja. Aliyekuwa na ushahidi wa kwanza mpana wa jambo hilo alikuwa karibu nasi: Morris Agaba, akiwa Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha, na mwenzake Douglas Cavener wa Marekani, walisoma vinasaba vyote vya twiga na kuvilinganisha na vya okapi, jamaa yake mwenye shingo fupi. Katika matokeo yao ya mwaka 2016 walitaja jeni zipatazo 70 zilizoonyesha dalili za kubadilika kwa manufaa ya twiga, FGFRL1 ikiwa mojawapo. Kwa binadamu hesabu ni ngumu zaidi: uchunguzi wa watu wapatao milioni 5.4, uliotolewa mwaka 2022, ulikuta sehemu 12,111 za vinasaba zenye mchango kwenye kimo, nyingi zikiwa zimerundikana karibu na jeni za ukuaji wa mifupa. Wengi wa watu hao asili yao ni Ulaya, na kwa watu wenye asili ya Afrika matokeo hayo hubashiri kimo kwa udhaifu zaidi. Anayekuuzia mtandaoni kipimo cha vinasaba cha kukwambia mwanao atafika futi ngapi anakuuzia namba za watu wengine.

Mtoto mfupi kwa wazazi warefu

Hili linaumiza nyumba za watu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Kati ya watoto 10 wenye akondroplasia, 8 huzaliwa na wazazi wote wawili wa kimo cha kawaida. Hakuna bibi aliyefichwa, hakuna ukoo wa upande wa mama uliokuwa na siri. Badiliko la jeni limetokea upya, mara moja, kwenye seli iliyomtengeneza mtoto huyo.

Ilitokea kwa nani? Watafiti walipofuatilia nakala yenye badiliko jipya, walikuta inatoka kwa baba. Seli zinazozalisha mbegu za kiume hugawanyika maisha yote ya mwanamume, na kila kunakili kuna nafasi ya kukosea herufi moja. Ndiyo maana uwezekano unapanda kadiri baba anavyozeeka, ingawa hata kwa baba mtu mzima unabaki kuwa mdogo sana. Sisemi haya ili lawama zihame kutoka kwa mke kwenda kwa mume. Hakuna aliyefanya kosa. Si chakula, si dawa ya uzazi wa mpango, si kutazama mtu mfupi wakati wa ujauzito. Lakini mwanamume anayemfukuza mke kwa sababu "kwetu hakuna wafupi" ajue kwamba badiliko hilo limepitia kwake, na kwamba kipimo cha Mkemia Mkuu wa Serikali kingemtaja yeye huyo huyo kuwa baba.

Mwenye akondroplasia akizaa na mtu asiye nayo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Wawili wenye akondroplasia wakizaa, mtoto anaweza pia kuwa na kimo cha kawaida, na hapo tena wambea hukosa la kusema. Akili ya watu hawa ni ya kawaida.

Kutoka kwa panya hadi kwenye sindano

Kama tatizo ni breki inayoshika mno, inawezekana kuilegeza? Mwili una ishara ya kinyume. Inaitwa CNP, na inapofika kwenye seli za bamba hukata ujumbe wa FGFR3 katikati ya njia, kabla haujamfikia dereva. Panya wasio na CNP ni wafupi. Mwaka 2004 watafiti wa Japani waliwafanya panya wenye akondroplasia watengeneze CNP nyingi ndani ya gegedu, na mifupa ikapata nafuu kubwa.

CNP ya kawaida huisha kwenye damu kwa dakika chache, hivyo ilitengenezwa inayodumu zaidi, vosoritaidi. Watoto 121 wenye akondroplasia walishiriki kwenye jaribio la mwaka mzima, wengine wakipewa dawa na wengine sindano isiyo na dawa. Waliopewa dawa walikua sentimita 1.57 zaidi kwa mwaka kuliko wenzao. Ulaya na Marekani waliiidhinisha mwaka 2021. Ni sindano ya kila siku kwa miaka, bei yake ni kubwa mno, na inafanya kazi tu wakati mabamba bado yapo. Wako pia watu wenye akondroplasia wasioipenda kabisa habari hii. Wanauliza kwa nini fedha zote hizo zitafute sentimita badala ya kushusha kaunta za benki na ngazi za mabasi, na mimi naona swali lao ni la haki.

Bamba likifunga

Hapa ndipo wauza makopo wanapopatikana. Ujanani bamba la ukuaji huisha. Seli zake huchoka kugawanyika, gegedu lote huwa mfupa, na ule mstari kwenye eksirei hupotea. Kwa wasichana wengi hutokea kati ya miaka 14 na 16, kwa wavulana baadaye kidogo. Anayefunga ni estrojeni, homoni tunayoiita ya kike, hata kwa wanaume. Mwaka 1994 ilielezwa habari ya mwanamume wa miaka 28 ambaye kipokezi chake cha estrojeni hakikufanya kazi: alikuwa na sentimita 204, mabamba bado wazi, na alikuwa anaendelea kurefuka.

Mtu wa miaka 22 hana bamba la kukuzwa. Hakuna unga, maziwa, kuning'inia kwenye bomba wala vidonge vya kalisi vitakavyomwongezea urefu wa paja. Hapa pia panya ana mipaka yake kama mwalimu: mabamba yake hayafungi kabisa kama yetu. Dawa iliyomrefusha panya mzima si ushahidi kwamba itamrefusha mtu mzima, na matangazo mengi ya "imethibitishwa kisayansi" yanakaa juu ya panya wa namna hiyo.

Imani ya kumruka mtoto aliyelala, kwamba atadumaa, haihitaji aya nzima. Hakuna ishara yoyote ya bamba inayojua nani amepita juu. Ya ndoo kichwani ni ngumu kidogo. Mgandamizo mkubwa usiokoma hupunguza kasi ya bamba, hilo ni kweli, na madaktari wa mifupa hulitumia kunyoosha miguu ya watoto. Lakini safari ya kisimani si mgandamizo usiokoma. Mzigo mzito unaweza kumuumiza mtoto shingo na mgongo, na hiyo ni sababu tosha ya kumpunguzia. Kimo chake ukitafute kwenye sufuria.

Maana njaa nayo ni ishara. Chakula kikipungua, hasa protini, ini hupunguza homoni iitwayo IGF-1, ambayo huzihimiza seli za bamba. Panya walioondolewa jeni ya IGF-1 huzaliwa na uzito wa takribani asilimia 60 ya kawaida, wakiwa na vinasaba vingine vyote kamili. Mtoto aliyelishwa uji mtupu anaweza kuwa na jeni nzuri za kimo na mabamba yenye afya, lakini mwili umeamua kubana matumizi. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kutoka 34 miaka saba hivi kabla. Jeni za taifa haziwezi kubadilika kwa muda huo. Kilichobadilika ni chakula, maradhi na huduma, na ndiyo maana wahudumu wanasisitiza zile siku 1000 tangu mimba hadi miaka miwili, wakati mabamba yanakwenda kwa kasi ambayo hayatairudia tena.

Mguu uliopinda nao usikimbilie kuuita wa kurithi. Matege yanaweza kutokana na upungufu wa vitamini D au kalisi. Kwa wenzetu wa baadhi ya maeneo ya Singida, maji ya kisima yana floraidi nyingi, na kiwango kikizidi kwa miaka huharibu meno kwanza na baadaye mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Hapo cha kupima kwanza ni maji.

Kwa mzazi anayesoma akiwa na wasiwasi, cha kutazama ni umbo pamoja na mstari wa kadi ya kliniki. Aliyedumaa kwa lishe huwa mdogo kwa uwiano, mikono na kiwiliwili vikiendana. Mwenye akondroplasia ana mikono na miguu mifupi tangu kuzaliwa na kichwa kikubwa, na huyo apelekwe hospitali ya rufaa akiwa bado mchanga, kwa sababu tundu la fuvu linalopitisha uti wa mgongo linaweza kuwa finyu na kumbana akilala. Kukoroma sana au kukata pumzi usingizini si jambo la kusubiri. Madaktari hushauri pia asikalishwe bila kuegemezwa kabla mgongo haujapata nguvu, na asibebwe akiwa amejikunja. Mbeleko iliyolegea inayomfanya ainame kama upinde haimfai; abebwe mgongo ukiwa umenyooka na kichwa kimeshikwa. Kibyongo cha watoto hawa huanza katika miezi hiyo, na kwa wengi hunyooka chenyewe wakianza kutembea, ili mradi hakikuongezwa kwa kukalishwa mapema.